Kamba wa Ghorofa ya Tatu: Mwongozo kwa Aliyekwisha Kushawishika

Anayeanza kufuga kamba wa maji baridi huambiwa mambo matatu: kwamba ni kazi rahisi, kwamba kamba hujisafishia wenyewe, na kwamba hakuna kinachohitajika ila tangi la kioo, maji na hewa. Yote matatu ni kweli, huko Taiwan. Huku Eastlands ya Nairobi, kuanzia Jericho hadi Kayole, kuanzia Buruburu hadi Umoja Innercore, tangi utalipata. Maji yana ratiba yake. Hewa ni ya ploti nzima.

Mwongozo huu hautakuzuia. Mtu aliyekwisha kuona video ya kamba wekundu wakitembea juu ya majani mabichi hazuiliki tena, na wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Kuhusu dawa tutazungumza baadaye, kwa kirefu.

Jua unachonunua

Kamba anayeuzwa kwa wanaoanza ni spishi iitwayo Neocaridina davidi, mwenyeji wa vijito vya China na Taiwan. Ana urefu wa sentimita 2 hadi 3, anaishi mwaka mmoja, akibahatika miwili. Jina la davidi alipewa mwaka 1904 na Mfaransa Bouvier, kwa heshima ya padre Armand David, yule mmisionari aliyewapelekea Wazungu habari za panda mwaka 1869. Panda akapata umaarufu; kamba akapata kukaa kwenye meza ya runinga huko Donholm.

Porini kamba huyu ana rangi ya tope. Wekundu, ubuluu na umanjano ni kazi ya wafugaji waliochagua kizazi baada ya kizazi. Hapo ndipo ulipo mtego wa kwanza. Muuzaji atakuonyesha mfuko wenye kamba wa kila rangi, bei ya kirafiki, eti uwe na bustani ndani ya nyumba. Hao wote ni spishi moja, na ukiwaweka pamoja wataoana bila kuulizana ukoo. Baada ya vizazi vichache rangi zote zitakuwa zimekwenda zao, nawe utabaki na tangi zuri lililojaa tope lenye miguu. Chagua rangi moja, uishikilie.

Mtego wa pili ni kamba wa Amano, anayeitwa kwa jina la Takashi Amano, mpiga picha wa Japani aliyempa sifa duniani kwa bidii yake ya kula mwani. Sifa ni za haki, mwani anaumaliza kweli. Lakini vichanga wake hawakui bila maji yenye chumvi, kwa hivyo muuzaji akikuahidi kwamba watazaana hadi ugawie jamaa, muulize kama bei inajumuisha nauli ya Mombasa.

Mtego wa tatu uko nyumbani kwako, nao ni mgeni. Nchi hii ina kamba wake wa maji baridi, Caridina nilotica, ambaye Ziwa Viktoria limejaa. Waluo humwita ochonga. Miaka ya 1980, mbuta alipokaribia kuwamaliza samaki wadogo waitwao fulu, aligeukia huyo huyo kwa chakula. Ochonga huvuliwa pamoja na omena, huanikwa, kisha husagwa katika chakula cha mifugo. Basi siku mjomba wako wa Homa Bay atakapokaa kitini, akatazama tangi lako la gharama, akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na kuku wenyewe wako wapi?", usikasirike. Ameuliza swali la kitaalamu.

Tangi

Nunua kubwa kuliko unavyodhani unahitaji. Lita 40 ni mwanzo mwema, kwa sababu maji machache huharibika upesi na mengi huharibika polepole, nawe unahitaji huo upole. Kumbuka tu kwamba lita 40 ni kilo 40 kabla ya kioo na mchanga. Kile kimeza chako chenye mguu mmoja uliofungwa waya kiache kiendelee kubeba rimoti.

Fundi wa vioo atakutengenezea tangi kwa bei nafuu kuliko la dukani. Msimamie kwenye jambo moja, gundi. Silikoni ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia kuvu huendelea kufanya kazi yake ndani ya maji. Tumia ya kawaida, ile inayonuka siki, na usitie kiumbe hai kabla harufu haijaisha. Kisha lijaze maji ulijaribu usiku kucha, bafuni. Ukilijaribia sebuleni, anayekaa chini yako ndiye atakayekuletea matokeo.

Chujio liwe la sponji, linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa. Machujio ya mota yana nguvu ya kufyonza watoto wa kamba, na hufanya hivyo usiku ukiwa umelala. Pampu usiione kama pambo. Nairobi iko juu sana kuliko usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji yetu hubeba oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja kwa tano kuliko ya Mombasa yenye joto lilelile. Kipasha maji, kwa upande mwingine, huhitaji. Kamba hawa wanastahimili baridi, na Julai ikifika watakuwa wanapunguza kula na kuzaa huku wewe ukitafuta blanketi.

Stima inapopotea, na itapotea, usikimbilie tangi. Sponji likibaki ndani ya maji, na kamba wasipojazana, saa kadhaa si kitu. Koroga maji kwa kikombe mara moja moja ukipenda kujiona una kazi. Usiku wa Agosti 25, 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo, kwa hivyo usimlaumu keyateka kwa kila giza. Ila kama ploti yenu ina mita moja ya pamoja, mweleze mapema kwamba pampu hula stima kidogo kuliko balbu. Hataamini. Mwonyeshe.

Maji

Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika 1994 na linaloweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Husafishwa Ng'ethu, hupitia matangi ya Gigiri, kisha huanza safari ya kuja kwetu. Mpaka hapo ni maji mazuri sana, ya mvua za Aberdare, laini, yenye kalisiamu kidogo tu. Wametia klorini, kwa sababu wanawajali binadamu. Kamba hawakuwa kwenye mpango.

Klorini ya kawaida huondoka ukiacha maji wazi siku nzima, hasa ukiyapigia hewa. Dawa ya kuiondoa, inayouzwa na wauza samaki wa mapambo, hufanya kazi hiyo kwa dakika chache. Hadi hapo vitabu vinatosha. Visichokuambia ni kwamba tangu mgao uanze Januari 2017, maji ya bomba yamekuwa na siku zake, na yanaporudi baada ya kupotea hutanguliwa na kutu, mchanga na chochote kilichokuwa kimelala ndani ya bomba. Ndoo za kwanza mpe choo. Kamba wape ya mwishomwisho.

Siku ambazo bomba limekauka utakutana na mtu wa mkokoteni. Muulize maji ameyatoa wapi. "Ni ya kanjo, mdosi." Wote hujibu hivyo, hata wale wenye mitungi iliyotoka moja kwa moja kwenye kisima cha kuchimbwa kwa mashine nyuma ya kanisa. Maji ya visima vya Nairobi hupita kwenye miamba ya volkano na kuja na magadi na floridi kwa wingi, lakini kalisiamu ni haba. Kamba huyavumilia akiyazoea. Kinachomuua ni kupewa ya Ndakaini wiki hii, ya kisima wiki ijayo, na ya kusikojulikana wiki ya tatu. Uthabiti ndio anaoutaka kuliko ubora.

Kwa hivyo weka akiba. Tafuta mitungi miwili ya lita 20 ambayo haijawahi kuona sabuni wala mafuta, uiandike KAMBA kwa kalamu nene, uifiche. Uifiche kweli. Wiki ambayo maji yamepotea siku ya tano, familia nzima itaanza kulitazama tangi kwa namna mpya, na mtu mmoja, kwa kawaida mke wako, atasema kwa sauti ya upole: "Kwa hivyo wao wanaoga na sisi hatuogi?" Huna jibu zuri. Usijaribu kulitafuta. Zingatia pia mama akija kutoka ushago: akikuta mitungi haijatiwa dawa ya maji ya kunywa, ataitia kwa wema wake wote, na dawa ile ni klorini.

Usitumie maji ya moto ya shawa ya umeme, huwezi kujua yamegusa vyuma gani. Shaba ni sumu kali kwa kamba hata kidogo isiyoonekana, na dawa nyingi za kutibu samaki zina shaba ndani yake.

Na kwa kuwa maji yetu, ya bomba na ya kisima, hayana kalisiamu ya kutosha kujenga ganda, tia kipande cha ganda la yai lililochemshwa, au mfupa wa ngisi kama una mtu pwani.

Kusubiri

Tangi likishajaa, usitie kamba. Sehemu hii ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu haina cha kununua.

Uchafu wa kiumbe chochote majini hugeuka amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo kamba huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao hukaa kwenye sponji na mchanga, na huchukua wiki 4 hadi 6 kujenga ukoo wao. Kazi yako ni kutia punje chache za chakula cha samaki, kuwasha pampu, na kutazama maji matupu. Njia ya mkato iliyo halali ni moja tu: omba sponji kuukuu kutoka kwa mtu mwenye tangi lililokomaa.

Wageni watauliza samaki wako wapi. Ukijibu kwamba unafuga bakteria kwanza, mazungumzo yatahamia siasa.

Mimea iwepo tangu mwanzo, na kuvumwani ikipatikana ndiyo bora, kwa kuwa watoto wa kamba hujificha na kulisha humo. Usichukue jani lolote kutoka Mto Nairobi. Ule mto ukifika Dandora umepita Gikomba, na dampo liko pembeni yake. Ukiona kitu kimemea humo, kiache kiendelee na ushujaa wake.

Siku ya kuwaleta

Anza na kamba kumi. Wasichanganywe na samaki yeyote mwenye mdomo. Gapi wako wapole, wale wanaokula mabuu ya mbu, watakula na watoto wa kamba kwa uadilifu uleule.

Usimimine mfuko wa dukani ndani ya tangi. Kamba hustuka maji yanapobadilika ghafla, na wengi hufa siku ya pili au ya tatu, muuzaji akiwa amekwisha kuzima simu. Waweke kwenye bakuli pamoja na maji yao, kisha nunua mpira wa dripu kwa kemia, ule wenye kigurudumu cha kupunguza matone, na uyadondoshe maji ya tangi lako tone moja moja kwa saa moja au mbili. Jirani akipita akaona bakuli limetundikiwa dripu, mwambie hali ya mgonjwa inaendelea vizuri.

Chakula

Kamba hushinda wakichokoa ute mwembamba wa vijidudu unaoota juu ya majani, kioo na mchanga. Hicho ndicho chakula chao hasa. Wewe unaongeza tu, mara mbili au tatu kwa wiki, kiasi cha kumalizika ndani ya saa chache. Sukuma wiki iliyochemshwa dakika mbili wanaipenda sana, lakini ioshe kwanza kana kwamba mkulima alikuwa adui yako, maana alipiga dawa. Majani makavu ya mpera yanafaa. Bora zaidi ni ya mkungu, mti ambao Ulaya majani yake huuzwa kwa pakiti kwa wafugaji kamba, na ambayo Mombasa hufagiliwa kila asubuhi na kuchomwa moto. Ukiwa na binamu Kisauni, wewe ni tajiri na hujui.

Msiba wa uongo

Asubuhi moja utakuta kamba amelala chali, mweupe, hana kitu ndani. Macho yapo, papasi zipo, hata vile vijiguu vya chini ya mkia vipo vyote, na mwanga unapita katikati. Tulia. Hilo ni ganda. Kamba hulivua kadiri anavyokua, akatoka nyuma ya shingo kupitia ufa mmoja, na mwenyewe amejibanza mahali akingojea jipya ligume. Usiliondoe, watalila, wajirudishie kalisiamu yao.

Jike aliyekomaa akishavua ganda, madume huanza kuogelea huku na huko kama watu waliosikia matatu ya mwisho imeondoka. Siku chache baadaye utaona mayai 20 au 30 chini ya mkia wake, naye akiyapepea mchana na usiku kwa wiki tatu au nne. Wanaotoka ni kamba kamili, wadogo kuliko punje ya mchele.

Ukiona pete nyeupe imemzunguka kamba shingoni, huo si msiba wa uongo. Ganda limekwama. Mara nyingi ni upungufu wa kalisiamu, au ulibadilisha maji mengi kwa pupa. Sehemu moja kwa kumi kwa wiki inatosha.

Sasa, dawa

Kamba na mende ni jamaa. Wote wana ganda la nje, miguu ya viungo na papasi ndefu, na wote hutafuta makombo gizani. Sumu inayomwangusha mmoja humwangusha mwingine, ila mende ana nafasi ya kuhamia kwa jirani.

Na sumu yenyewe ina uraia wetu. Pareto, lile ua jeupe la nyanda za juu za Nakuru na Nyandarua, liliifanya Kenya kuwa mzalishaji mkuu duniani kwa miongo mingi. Viwanda vikaiga kilichomo ndani yake, vikatengeneza sumu zinazodumu zaidi. Soma nyuma ya kopo: ukikuta jina linaloishia na -thrin, ndiyo hiyo. Inaua mbu, mende na kunguni, na kwa kamba kiasi kidogo mno kinatosha. Kumbuka vilevile kwamba ile pampu yako inavuta hewa ya chumba na kuipuliza moja kwa moja ndani ya maji. Ukipiga dawa sebuleni, umewapelekea mlangoni.

Kopo lako utaliacha, na koili ya mbu utaizima, ulale ndani ya neti. Mikono iliyopakwa mafuta ya kufukuza mbu haiingii majini. Hayo yako chini ya mamlaka yako. Yasiyo chini yako ni mawili. La kwanza ni mwenye nyumba anayeamua Jumamosi kwamba ploti nzima ipigwe dawa. La pili ni yule mtu anayezunguka mitaani na kipaza sauti chenye tangazo lililorekodiwa, kunguni, mende, viroboto, panya, ambaye huuza kwa mama wa ghorofa ya chini chupa isiyo na maandishi.

Ukisikia harufu, au hata tetesi, zima pampu, funika tangi kwa nailoni na taulo lililoloweshwa, funga madirisha, na usifunue mpaka hewa isafike. Saa chache bila pampu watastahimili.

Lakini dawa ya dawa ni kuambiwa mapema, na hapo wengi hujikwaa. Utashuka ngazi kwa adabu zote:

"Habari ya asubuhi, mama. Samahani, siku mkipiga dawa, mtaniambia?"

"Kwani uko na kunguni?"

Kufikia jioni ploti yote inajua nyumba yako ina kunguni. Watoto hawatumwi kwako tena kuomba chumvi, na keyateka anakusalimia kwa mbali. Kwa hivyo usianze na swali. Mwalike kwanza apande, aone tangi, aulize wanaiva lini, acheke. Ukishamwonyesha jike mwenye mayai, ndipo umweleze habari za dawa. Fanya hivyo kwa kila mlango wenye dirisha linalotazama lako. Ukidhani utafuga kamba kumi bila kuwafuga majirani wanane, rudi dukani ukaombe pesa zako.

Wakizidi

Usipowaua katika miezi mitatu ya kwanza, watakuzidi. Usiwamwage mtaroni. Huko Ujerumani na Hawaii kamba hawa wamekwisha kuonekana wakiishi porini mahali pasipokuwa pao, na mtaro wako mwisho wake ni mto. Usiwategemee pia kukulipia kodi. Kila mfugaji mwenzako ana ziada wiki ileile uliyo nayo wewe.

Wape majirani, na uanze na yule anayepiga dawa kuliko wote. Mpelekee mama wa ghorofa ya chini kamba kumi, na sponji lililokomaa, na kitangi ukiweza, mwambie ni vya watoto wake. Atakataa kidogo, atapokea. Mpe wiki chache, jike wake wa kwanza abebe mayai. Kuanzia hapo, kipaza sauti kikiingia getini, hutahitaji kushuka ngazi: utamsikia yeye akikifukuza.